Kinanda Kilichonyooshwa Mgongo

Mama Vipuri hana mtoto anayeitwa Vipuri. Mwanawe wa pekee ana jina zuri la kawaida na anafanya kazi mbali, ila jina hilo halikumsaidia mama yake, maana watu walishaamua. Ukitaka kujua kwa nini, ingia dukani kwake. Chumba chenyewe zamani kilikuwa studio ya picha, na mpaka leo ukuta wa nyuma una maporomoko ya maji yaliyochorwa kwa rangi ya mafuta, pamoja na ngazi nyeupe zisizokwenda popote. Mbele ya maporomoko kuna meza, juu ya meza kuna taa, mita na chuma cha kulehemu, na kando yake, kuanzia sakafuni hadi kiunoni, zimepangwa trei za mayai. Yai hakuna hata moja. Kila kishimo kina kipuri cha aina yake: hapa kapasita nene, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, pale nyembamba, huku skrubu fupi, kule vifeni vidogo, na kwenye trei ya juu kabisa, ambayo haruhusu mkono wa mtu kuigusa, vidude vya bati vinavyong'aa ambavyo tutavifikia.

Vyote hivyo vimetoka kwenye kompyuta ambazo wenyewe walisema zimekufa. Yeye hakubali. "Kompyuta haifi," husema, "inagawa mirathi." Ufundi wa redio alianza kuusomea ujanani, akaukatiza mimba ilipoingia, na baada ya hapo kwa miaka mingi cheti chake kilikuwa ufagio: alifagia korido za kampuni moja ya bima. Siku ofisi ilipoletewa kompyuta mpya, zile za zamani zilirundikwa chini ya ngazi, na msimamizi akamwambia azitupe. Akazitupa kweli, ila alizitupia nyumbani kwake. Alipofungua ya kwanza kwa bisibisi ya kuazima, alikuta ndani vitu ambavyo majina yake alishayasahau lakini sura anazijua, akacheka peke yake kama mtu aliyekutana na wanafunzi wenzake wa zamani sokoni. Haukupita muda, ufagio ukapata mwenyewe mwingine.

Tangu hapo watu wamemletea kila kinachokataliwa na maduka makubwa: redio za mbao, redio za kaseti, vicheza santuri, televisheni zenye mgongo. Vipuri vya vitu hivyo havitengenezwi tena, lakini umeme ni ule ule, haujali umri wa nyumba unamopita. Kapasita iliyokuwa ikiisaidia kompyuta kupiga hesabu za bima, leo inamsaidia mzee fulani kusikiliza mpira.

Kasoro yake ni moja, na heri niitaje mapema: mkono wake haujui kuacha. Mpelekee redio kwa sababu waya umekatika. Ukirudi utakuta waya umeunganishwa, vumbi limepulizwa, mshale wa stesheni umenyooshwa, na ile taa ya usoni ambayo haijawaka tangu uoe, inawaka. Wateja hufurahi, nani asiyependa nyongeza? Aliyekuwa akimsema ni mama yake tu. "Wewe ukiitwa kutoa mwiba," alimwambia mara nyingi, "utataka kumpa mgonjwa mguu mpya." Mama Vipuri alikuwa akicheka. Alidhani anasifiwa.

Mama huyo ndiye Bi Kengele, na wanaishi nyumba moja. Jina alipewa na wenzake wa kiwanda cha viatu, alikoshona ngozi tangu usichana mpaka kustaafu, kwa sababu sauti yake ilikuwa ikisikika juu ya mashine zote. Kiwanda kilifungwa siku nyingi na mashine zikauzwa, lakini ukumbi wa kantini ulibaki mikononi mwa wastaafu, na ndani ya ukumbi ikabaki kwaya yao. Huimba kwenye harusi za watoto wa wenzao, na kwenye misiba ya wenzao wenyewe. Wimbo wao mkubwa ni "Zamu Imekwisha", uliotungwa na mpiga kinanda wao, mzee wanayemwita Karani kwa sababu ndiye aliyekuwa akiandika mishahara. Karibu na mwisho wa wimbo huo kwaya nzima hunyamaza, Bi Kengele akapanda peke yake: "Taa ziwake nyumbani." Pale kwenye "ziwake" ndipo watu huacha kutafuna. Kina mama wengine wa sauti ya kwanza wamezoea kujificha nyuma yake kama vifaranga.

Tena hakuwa mtu wa kuimba ukumbini tu. Aliimba akiosha vyombo, aliimba akitafuta miwani, na ukimkosea alikugombeza kwa wimbo. Mama Vipuri amekulia ndani ya sauti hiyo, na kwa kuizoea alikuwa hata haisikii tena.

Kinanda cha kwaya ni cha umeme, cha zamani, kikubwa kama kabati la nguo, chenye safu mbili za vitufe na vikanyagio vya miguu. Kilinunuliwa enzi ambazo kiwanda kilikuwa kinajiweza. Siku moja katikati ya mazoezi kilikoroma, kikatoa harufu ya nywele zilizoungua, kikazima. Kuna waliosema la kuvunda halina ubani, mbao zake apewe seremala. Bi Kengele akasimama mbele yake, mikono kiunoni. "Atakayekigusa ataanza na mimi. Nina fundi nyumbani, tena wa bure."

Kikapelekwa kwa mkokoteni mpaka mbele ya maporomoko ya maji. Ugonjwa wenyewe Mama Vipuri aliuona mara tu alipofungua ubao wa nyuma: kapasita za sehemu ya umeme zilikuwa zimevimba vichwa, na moja imepasuka na kumwaga maji yake. Akachagua nyingine zilizotoka kwenye pawa saplai, visanduku vinavyoipa kompyuta umeme, akahakikisha nguvu zake zinalingana, akalehemu. Kinanda kikaamka. Hapo ndipo fundi mwingine angefunga skrubu zake akaenda kula.

Yeye akachukua simu, akafungua programu ya kupimia sauti, akagonga kitufe. Simu ikaonyesha rangi nyekundu: sauti iko chini kuliko inavyotakiwa. Akagonga kingine, nacho kiko chini. Vyote vilikuwa chini kwa kiasi kile kile, nota nzima na kidogo zaidi. Akaelewa. Kinanda cha aina ile kina chanzo kimoja tu cha mapigo, na sauti zote, nene kwa nyembamba, hugawiwa kutoka hapo. Chanzo kikichoka, sauti zote hushuka pamoja. Kwa kuwa bado zinapatana zenyewe kwa zenyewe, hakuna anayesikia kasoro. "Maskini," akakiambia, "umepinda mgongo na hawakukuona!"

Ndipo alipoinuka kwenda kwenye ile trei ya juu. Vile vidude vya bati, vidogo kuliko punje ya haragwe, ndivyo vinavyoihesabia kompyuta mapigo yake. Ndani ya kila kimoja kuna kijipande cha jiwe kinachotetemeka kwa mwendo usiobadilika, leo, kesho na mwaka ujao. Akatafuta chenye mwendo unaofaa, akakiunganishia saketi yake ndogo, akang'oa chanzo cha zamani na kupachika hicho. Akagonga kitufe. Kijani. Akapitia vitufe vyote, kijani tupu. Furaha ilimzidi mpaka akajipigia makofi.

Ukumbini walikipokea kwa vigelegele. Karani alipitisha vidole juu ya vitufe, akafumba macho.

"Mbona kimechangamka hivi? Kama cha redioni!"

"Nimekinyoosha mgongo, mzee," akajibu Mama Vipuri.

Hakuna aliyeuliza maana yake, naye hakuona haja ya kueleza. Akakaa kwenye benchi la nyuma, mikono kifuani, akingojea sifa zilizobaki. Wakaanza "Zamu Imekwisha". Ikafika zamu ya kwaya kunyamaza. Bi Kengele akavuta pumzi, akapanda: "Taa zi..." Sauti ikakatika. Haikukwaruza wala kutetemeka, ilikatika tu, ikabaki pumzi.

"Tuanzie tena," alisema Bi Kengele akigusa koo. "Ni vumbi la hiki kinanda."

Wakaanzia tena, ikakatika pale pale.

Nyumbani wakakubaliana kuwa ni mafua. Ikaletwa tangawizi, ikaletwa asali, Bi Kengele akainamia sufuria la maji ya moto na taulo kichwani mpaka uso ukawa mwekundu. Mazoezi yaliyofuata yakawa yale yale. Wakati huo harusi ya binti wa aliyekuwa mpishi wa kantini ilishakaribia, na Karani, kwa upole wote aliokuwa nao, akauliza kama wimbo ungeweza kufupishwa kidogo. Bi Kengele akamtazama mpaka akajutia swali. "Mbele za watu sauti hujileta yenyewe," akasema.

Haikujileta. Siku ya harusi, pale pale kwenye "ziwake", kilitoka kimlio kidogo, na mtoto mmoja wa kiti cha mbele akacheka kwa nia safi kabisa, jinsi watoto wanavyocheka. Bibi harusi akatazama maua yake. Bi Kengele alimalizia wimbo kwa tabasamu, akapiga picha na maharusi, akala, akaaga.

Kesho yake alilifua joho la kwaya, akalipiga pasi, akalikunja, akamkabidhi binti yake.

"Mpelekee Karani. Atafute mwenye koo."

"Mama, ni mafua tu, yatapita."

"Mafua gani hayo yanayosubiri neno moja kila wimbo? Mwanangu, mimi nimeshona ngozi maisha yangu yote. Ngozi ikichakaa huambiwi na mtu, unaijua kwa mkono. Hii imechakaa."

Joho Mama Vipuri hakulipeleka. Alilitundika dukani nyuma ya mlango, akajitia amesahau. Lakini si joho lililomtisha. Kilichomtisha ni nyumba. Bi Kengele aliosha vyombo na kilichosikika kilikuwa maji. Alitafuta miwani kimya, akaipata kimya. Siku moja Mama Vipuri alirudi mapema akamkuta amekaa kwenye kiti cha jikoni, mikono mapajani, akitazama mlango kama mtu aliyekwisha funga mizigo na sasa anangoja kuitwa. Yeye, mwanamke asiyeogopa kutia mkono ndani ya televisheni yenye umeme, akaogopa. Alitoka uani akalia, akanawa uso, akarudi kuuliza wale nini.

Mambo yangebaki hivyo kama si Mzee Ngurumo. Huyu ndiye besi wa kwaya, mtu wa mwili mkubwa na majivuno ya kiasi hicho hicho, na alikuja dukani na redio yake iliyokuwa ikizima kila akiisogeza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niangalie vizuri. Huoni kitu?"

"Nakuona, mzee. Umenenepa?"

"Nimerudi ujana!" Akavuta kiti, akakaa mbele ya maporomoko kama anayetaka kupigwa picha. "Sikiliza. Ule wimbo wa Karani, ile 'nyumbani' ya mwisho, inakwenda chini kabisa, si unaijua? Miaka na miaka nilikuwa siifikii. Nilikuwa natoa macho na kufungua mdomo tu, anayetoa sauti ni Karani kwa mguu wake. Sasa naifikia! Tena naikalia! Mke wangu anasema ni dawa ya kifua aliyoninunulia."

"Tangu lini hiyo, mzee?"

"Tangu kinanda kirudi. Siku ile ile! Nadhani nyota yangu na ya kinanda zinapatana."

Mama Vipuri akaweka bisibisi chini, taratibu sana.

"Mzee, unayo video ya kwaya ya zamani? Ya mwaka jana, mwaka juzi?"

"Ninazo zote. Kwani nani mwingine anatunza historia katika kwaya ile?"

Akaicheza ya mwaka uliopita. Mama Vipuri akaweka simu yake, ile yenye programu ya kupimia, karibu na simu ya mzee. Kwaya ikaimba, ikanyamaza, na Bi Kengele akapanda kwenye "ziwake" bila taabu, akakaa juu huko mpaka alipotaka mwenyewe kushuka. Simu ya kupimia ilikuwa nyekundu muda wote. Nota nzima na kidogo zaidi, chini. Mama Vipuri akaicheza tena, kwa sababu hakutaka kuamini, kisha akaketi juu ya kasha la kompyuta.

"Kulikoni?" akauliza Mzee Ngurumo.

"Mzee, hukurudi ujana. Nilikuinulia sakafu. Na mama yangu nikamwinulia dari."

Ilibidi amweleze mara mbili. Mzee alisikiliza akitikisa kichwa, na majivuno yakawa yanamtoka kidogo kidogo.

"Kwa hiyo ile dawa ya kifua..."

"Haihusiki, mzee."

"Basi usimwambie mke wangu." Akafikiri, akashusha pumzi ndefu. "Kengele anajua?"

"Hajui. Anadhani amekwisha."

"Basi unangoja nini hapa na redio yangu? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nenda katengeneze."

Alipokwenda, Mama Vipuri alibaki amekaa pale pale kwenye kasha. Sasa aliona yote. Chanzo kile cha zamani hakikuchoka siku moja. Kilikuwa kikichoka mwaka baada ya mwaka, kikishuka kwa kiasi ambacho sikio halishtuki, na koo za watu wale nazo zilikuwa zikishuka kwa mwendo ule ule. Walizeeka pamoja, wao na mashine yao, wakipatana njia nzima. Kisha akaja yeye na kijiwe chake kisichobadilika, akakirudisha kinanda ujanani peke yake, akawaacha watu huku chini. Hakuna aliyemwomba. Walimwambia kimezima, kiwake.

Mama Vipuri alipomfuata ukumbini, Karani alikuwa mgumu. Alimsikiliza hadi mwisho akiwa amekaa kwenye kinanda, na vidole vikipapasa vitufe jinsi mtu anavyompapasa paka.

"Lakini sasa kiko sahihi," alisema. "Umenipa kinanda sahihi, na leo unataka nikirudishie ugonjwa?"

"Nataka kiwafuate waimbaji, mzee. Waimbaji hawana skrubu."

"Na Ngurumo? Ameniambia atafanya onyesho lake peke yake."

"Ngurumo ndiye aliyenituma."

Karani aliondoa vidole kwenye vitufe. Nadhani alikuwa akiukumbuka uso wa Bi Kengele siku ya harusi, ule uliotabasamu hadi mwisho. Akainuka kwenye kiti, akasogea pembeni, na kwa mkono wake mwenyewe akafungua skrubu ya kwanza ya ubao wa nyuma.

Safari hii Mama Vipuri hakurudisha chanzo cha zamani, kwa sababu kingeendelea kuteleza kinavyotaka. Alikitoa kile kijiwe, na mahali pake akatengeneza chanzo chenye kirekebishi, kidude cha buluu kama tofali dogo, alichokitoa kwenye bodi ya kompyuta moja kuukuu. Kichwani kina skrubu ya shaba. Ukiizungusha kwa bisibisi upande huu, sauti zote za kinanda hupanda pamoja kidogo, upande ule hushuka pamoja kidogo, na inazunguka mara nyingi sana kabla ya kufika mwisho. Akatoboa tundu dogo kwenye ubao wa nyuma ili bisibisi ipite bila kufungua kitu. Akaacha hapo. Kifuniko cha kinanda kilikuwa kikilia kwenye bawaba, akakisikia, akakiacha kilie.

Sasa ikabaki kazi ambayo haina kipuri. Angeweza kukishusha kinanda kimya kimya, mama yake akaimba, akadhani mafua yamepita, na mambo yakaisha. Ninyi na mimi pengine tungefanya hivyo. Yeye alipiga moyo konde, akaingia jikoni, akavuta kiti mbele ya kile cha mama yake.

"Mama, sauti yako haijaisha."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Kinanda ndicho kilichopanda. Nilikipandisha mimi."

Akaeleza. Bi Kengele alisikiliza bila kupepesa macho.

"Ngoja nielewe," alisema hatimaye. "Nimevuta mvuke mpaka nikababuka uso. Nimekunywa tangawizi mpaka tumbo limenigomea. Nimechekwa na mtoto mbele ya bibi harusi. Na aliyefanya yote hayo nimemzaa mimi?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Kikulacho ki nguoni mwako!" Akapiga meza, sufuria likaruka. "Kikulacho ki nguoni mwako, na bisibisi mkononi! Nani alikwambia unyooshe mgongo wa kitu?" Akaendelea hivyo kwa muda, na alichosema kingine hakina haja ya kuandikwa. Halafu, katikati ya sentensi, kicheko kikamtoka bila kumwomba ruhusa, kikamtikisa mabega, Mama Vipuri naye kikamshika, wakacheka mpaka wakafutana machozi kwa kitambaa cha vyombo.

Kisha Bi Kengele akaacha kucheka.

"Kwa hiyo kabla ya hapo kilikuwa chini."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa chini pamoja nacho."

Mama Vipuri alitamani kusema hapana.

"Ndiyo, mama. Kidogo kidogo, kwa miaka. Nyote. Hakuna aliyejua, kwa sababu mlishuka pamoja."

Bi Kengele akatazama mikono yake. "Unajua," alisema, "kila kitu changu nilikiona kikishuka. Magoti, macho, mashavu. Nikasema sawa, chukua Mungu, ni vyako. Lakini pale juu nilijua nipo pale pale nilipokuwa msichana. Nilikuwa najivunia hapo." Mama Vipuri akamshika mkono, na mama akauacha ushikwe. "Joho langu liko wapi?"

"Dukani. Nyuma ya mlango."

"Hukulipeleka kwa Karani?"

"Nilisahau."

"Mwongo mkubwa. Kalilete."

Jioni ya mazoezi Bi Kengele aliingia ukumbini akiwa amelivaa joho, ingawa mazoezini havaliwi. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kusimama kando ya kinanda, akamwelekeza binti yake kwa kidole apite nyuma.

"Karani, nipe ile nota yangu. Ibane hapo hapo, usiiachie. Na wewe, shusha."

Karani akagonga na kubana. Mama Vipuri akapiga magoti, akapitisha bisibisi kwenye tundu, akazungusha. Sauti ikashuka.

"Tena."

Akazungusha tena. Simu yake ya kupimia ilikuwa kando, ikionyesha upungufu ule ule wa video ya mwaka jana, na alijua wamefika pale pale ilipokuwa zamani. "Hapa ndipo ulipokuwa, mama," akanong'ona.

Bi Kengele akajaribu kwa mdomo uliofumbwa, akasikiliza koo lake mwenyewe. Kila mtu alikuwa kimya, hata Mzee Ngurumo.

"Shusha tena kidogo," akasema. "Tena. Umepitiliza, rudi. Rudi... Hapo."

Wakaimba. Mzee Ngurumo alitoa macho na kufungua mdomo kwenye nota yake ya chini, na Karani akamsaidia kwa mguu kama zamani. Kwaya ikanyamaza. Bi Kengele akavuta pumzi. "Taa ziwake," na ikapanda, ikakaa, ikajaa ukumbi ule wote wa kantini mpaka kwenye madirisha ya juu, na kina mama wa sauti ya kwanza wakasahau kwamba ni zamu yao kuingia. Nyuma ya kinanda Mama Vipuri alikuwa bado amepiga magoti. Alilia bila kuona haya, bisibisi mkononi.

Makelele ya pongezi yalipopungua, akajifuta, akatoa mkobani kichupa cha rangi ya kucha. Bi Kengele akamwona.

"Unataka kujipamba saa hizi?"

"Ni ya skrubu, mama. Mafundi tukishapata mahali sahihi tunapaka tone moja kichwani, ikauke, isisogee tena."

"Ikikauka haizunguki?"

"Haizunguki mpaka uibandue."

"Na huko chini bado ina mizunguko?"

"Bado, mama. Mingi."

Bi Kengele akaweka mkono juu ya kinanda, akajishikiza, akainama mpaka uso wake ukakaribiana na wa binti yake.

"Basi usiipake," akasema polepole, wengine wasisikie. "Mwakani nitakuwa chini zaidi ya hapa. Na mwaka ule mwingine, chini zaidi. Nitakwambia, utakuwa unanishushia."

Mama Vipuri alifunga kichupa, akakirudisha mkobani. Karani akauliza kama wako tayari, na Bi Kengele, akijinyoosha joho, akamwambia waanze tangu mwanzo.